Tosti ya Asubuhi Inapokukatalia: Dalili, Chanzo na Tiba Jikoni mwa Goma

Mdogo wangu alinipigia simu saa kumi na mbili na nusu asubuhi kutoka mtaa wa Ndosho, makala, yaani makaa, yakisikika yanapasuka nyuma ya sauti yake. "Yaya, mkate umeungua huku na huku, lakini ukiuvunja katikati unanata kama unga mbichi. Watoto wanatoka saa moja." Yaya ndiye mimi, mkubwa wake. Nikamuuliza swali moja tu: mkate ni wa lini? "Wa leo, Yaya. Mama wa mkate amepita sasa hivi, bado una moto."

Basi nikajua. Mikono yake haikuwa na kosa, na makala yake pia hayakuwa na kosa kubwa. Mkate ule ulikuwa bado umebeba maji yake yote.

Tangu siku hiyo, mtu akiniletea shida ya tosti naanza na swali hilo kabla ya mengine: maji yako wapi? Huenda bado yako ndani ya mkate. Huenda yametoka kama mvuke yakanaswa chini ya kipande. Huenda yameletwa na nyanya uliyoweka juu, au yamekwisha kabisa ukabaki na ubao. Ukijua yalipo, tiba huwa karibu. Nimekusanya hapa dalili ninazoulizwa mara nyingi na nilizozipitia mwenyewe. Wengi wetu hapa tunabanika juu ya mbabula, yaani jiko la makala, wengine wana tosta ya umeme, wengine kikaango tu. Nitagusa yote.

Nje mweusi, ndani unanata

Mkate unapotoka tanurini, zaidi ya theluthi moja ya uzito wake ni maji. Maji hayo yakiwa bado yanatoka, uso wa mkate haupandi joto sana kupita kiwango cha maji kuchemka. Hapa Goma tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Rangi ya dhahabu, pamoja na ile harufu inayowatoa watoto kitandani bila kuitwa, huanza uso ukifika karibu nyuzi 140. Maana yake ni kwamba mkate lazima ukauke usoni kwanza, ndipo ubadilike rangi. Ukiuweka juu ya makala mekundu yanayotoa ndimi za moto, uso unakauka ghafla, unaruka dhahabu, unafika kwenye weusi, na joto bado halijafika katikati.

Tena mkate wa moto ukikatwa kabla ya kupoa hunata ndani, hata ukiwa umeiva vizuri. Uache upoe kabisa. Mkate wa jana ndio bora zaidi kwa tosti, na hili nalisema kwa furaha maana ndio mkate ambao wengi wanauona umeharibika. Kama una wa leo tu, kata vipande vya unene wa kidole, kama sentimita moja na nusu, uvitandaze wazi juu ya wavu nusu saa huku ukiosha watoto.

Moto nao una kipimo chake. Subiri makala yavae jivu jepesi la kijivu, ndimi za moto ziishe. Weka kiganja mahali mkate utakapokaa, kisha hesabu polepole. Ukishindwa kuvumilia kabla ya tatu, moto bado ni mkali. Ukifika tano au sita, huo ndio moto wa tosti. Mimi huweka mawe matatu madogo ya volkano juu ya ukingo wa mbabula, na wavu juu yake, ili mkate uwe mbali na makala kwa upana wa kiganja. Mawe hayo hayakosi katika uwanja wowote wa Goma, ila chagua makavu: jiwe lililolala mvuani linaweza kupasuka likipata joto.

Sasa kaa uangalie. Kipande kikiwekwa, kwa muda hakuna kinachoonekana. Halafu mvuke mwembamba unaanza kupanda, hasa upande wa baridi ulioko juu. Kingo zinajikunja kidogo. Geuza, mvuke unaendelea, unapungua, unakoma. Pale mvuke unapokoma, usiondoke, usijibu simu, usiende kutafuta soksi ya mtoto. Dakika nzima mkate ulikuwa unakauka bila kubadilika, lakini kutoka hapo hadi dhahabu ni sekunde chache, na kutoka dhahabu hadi weusi ni chache zaidi. Tosti nyingi nilizounguza katika maisha yangu ziliungulia hapo.

Mkate wa sukari unaungua mapema kuliko wa chumvi. Sukari na maziwa ndani ya unga huharakisha rangi, kwa hiyo upe moto mdogo zaidi na ugeuze mara nyingi. Ukinunua bila kujua ni upi, chunguza ganda: la mkate wa sukari kwa kawaida huwa la kahawia iliyokoza, linang'aa na ni laini kidoleni.

Umekauka kama ubao, lakini rangi haikuja

Hapa ni kinyume. Maji yamekwisha yote, ila joto halikufika pa kuleta rangi. Kwenye mbabula, chanzo ni makala yaliyochoka: moto wa kumalizia chai hautoshi kubanika mkate. Ongeza makala machache, subiri yashike, kisha anza. Kipande chembamba mno nacho hukauka hadi katikati kabla ya kupata rangi.

Kwa wenye tosta, chanzo kikubwa mjini kwetu ni umeme kuwa dhaifu, na watu wengi wanatupa mashine nzima bila kosa lake. Tosta za soko letu zimetengenezwa kwa volti 220. Volti zikishuka, nguvu ya joto haishuki kidogo kidogo pamoja nazo, inashuka kwa kasi zaidi: ukipata volti 160 badala ya 220, joto la nyaya linabaki kama nusu tu. Tosta ya wati 800 inakuwa kama ya wati 420. Saa yake ya ndani katika mashine nyingi inahesabu dakika zile zile, kwa hiyo inarusha mkate juu wakati ule ule, mkavu na mweupe. Ukirudisha ndani mara ya pili unapata ubao.

Utajuaje? Chungulia ndani ikiwa inafanya kazi. Nyaya ziking'aa rangi ya machungwa kutoka ncha hadi ncha, umeme unatosha. Zikiwa na wekundu hafifu unaoonekana gizani tu, mashine inakausha, haibaniki. Zima birika la umeme na pasi kwanza, maana vinavuta umeme mwingi kwa pamoja. Kisha iwashe tosta ikiwa tupu mara moja, ipate joto, ndipo uweke mkate. Ikishindikana, achana nayo asubuhi hiyo. Pakaa kipande siagi nyembamba pande zote mbili, ukiweke kwenye kikaango kilichopata moto: mafuta yanagusa mkate kila mahali na kupeleka joto sawasawa, na rangi inakuja hata kwa moto wa wastani.

Upande mmoja una rangi na mwingine mweupe? Waya wa upande huo umekatika. Tosta yangu ya kwanza, niliyoinunua imeshatumika, ilikuwa hivyo, na nilikaa wiki mbili nikilaumu mkate. Ni kazi ya fundi. Usiingize kisu wala uma ndani ya tosta iliyochomekwa, hata kwa kutoa kipande kilichonasa. Chomoa kwanza, subiri ipoe, ipindue na kuipiga kidogo chini.

Ina ladha ya moshi, au uchungu

Makala mazuri hayatoi moshi mwingi. Yakitoa, ndani yake kuna vipande ambavyo havikuiva kwenye tanuru la mchomaji, bado vina kuni katikati. Utavitambua kwa uzito wake na rangi ya kahawia ukivivunja; kaa lililoiva ni jeusi lote na linalia ukiligonga na jingine. Vitoe hivyo pembeni, vitumie kupikia maharage. Mkate ni kama sifongo, unanywa moshi wowote unaopita.

Na hili nawaomba kwa moyo wote: msiwashe makala kwa mfuko wa plastiki kisha mkabanika mkate juu yake. Najua ni rahisi, najua asubuhi ni baridi. Ule moshi mweusi una sumu, na sehemu yake inatua juu ya chakula cha mtoto. Vijiti vikavu, ganda la mkaratusi au kipande cha karatasi vinatosha, na subira ya dakika kumi.

Uchungu usio na moshi unatoka kwenye weusi wenyewe, au kwenye chenga za mkate zilizorundikana chini ya tosta, zinazoungua upya kila siku. Zimwage kila wiki. Kuhusu weusi: vyakula vya wanga vikipata joto kali hutengeneza kemikali iitwayo akrilamaidi, iliyogunduliwa kwenye vyakula na watafiti wa Uswidi mwaka 2002, na wataalamu wa usalama wa chakula Ulaya wanashauri kuishia kwenye rangi ya dhahabu. Kipande kilichogusa weusi kidogo, kikwangue kwa kisu. Kilichokuwa cheusi chote, kiache.

Tosti ni nzuri, lakini kichwa kinauma

Dalili hii haiko kwenye mkate, na ndiyo iliyonifanya niandike yote haya. Mtu anabanika ndani ya chumba kilichofungwa kwa sababu ya mvua au baridi, baada ya dakika kadhaa kichwa kinagonga, miguu inalegea, mtoto anasinzia bila sababu, mwingine anatapika. Wengi wanadhani ni njaa au malaria.

Makala yanayowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Na makala yenye jivu la kijivu yasiyo na moshi, yaani moto ule ule niliousifu hapo juu kwa tosti, yanaitoa kwa wingi. Kutokuona moshi si usalama.

Sisi watu wa Goma tunaijua mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kukaa kwenye mabonde na mashimo, inayoua mbuzi na wakati mwingine watu. Ndiyo maana nimesikia mtu akisema, "Mimi namweka mtoto juu ya kitanda, hewa mbaya hukaa chini." Kwa mazuku maneno hayo yana msingi, kwa sababu mazuku ni kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa, inatuama chini. Gesi ya makala ni nyingine. Uzito wake unakaribiana na wa hewa, inachanganyika chumba kizima, juu na chini. Kitandani hakumsaidii mtoto.

Banika nje, chini ya ukingo wa paa, au mlangoni kabisa na madirisha wazi. Ukiona dalili hizo, toeni watu wote nje kwenye hewa safi kwanza, mbabula baadaye, na asiyepata nafuu upesi au aliyezimia apelekwe hospitali mara moja. Na mbabula ya tosti isirudishwe ndani kupasha nyumba joto. Nyumba zetu za mbao zina nyufa, lakini nyufa si madirisha.

Ilikuwa kavu na tamu, baada ya dakika tano imelegea

Tosti ikitoka motoni bado inatoa mvuke. Ukiilaza kwenye sahani, mvuke wa upande wa chini unagonga sahani baridi, unakuwa maji, unarudi kwenye mkate. Ukipanga vipande vitano kimoja juu ya kingine, kila kimoja kinamlowesha mwenzake. Visimamishe viwili viwili vikiegemeana kama paa la nyumba, au virudishe juu ya wavu mbali na moto, dakika mbili. Kwa mtoto anayebeba tosti shuleni, iache ipoe kabisa kabla ya kufunga kisanduku. Mvuke uliofungiwa humo ndio unaomfanya arudi nayo mchana haijaguswa.

Baada ya mvuke, maji mengine yanatoka juu. Nyanya ndiyo mkosaji wa kwanza. Nyanya ni maji karibu yote, na ukinyunyiza chumvi juu yake mkate wowote ulioko chini utaipokea hiyo juisi mara moja. Fanya hivi: kata nyanya usiku au mara tu unapoamka, toa mbegu na ute wake, nyunyiza chumvi kidogo, iache kwenye chujio dakika kumi. Utashangaa maji yatakayokusanyika chini, nusu kikombe kwa nyanya nne kubwa si ajabu. Maji hayo yamimine kwenye mchuzi wa mchana. Nyanya iliyobaki ina ladha nzito zaidi na haiharibu kitu.

Kinga ya pili ni mafuta. Siagi au karanga za kusaga zilizopakwa hadi ukingoni, kabla ya kitu chenye maji, zinazuia maji kupenya. Watu wengi wanapaka katikati tu na kuacha kingo, na maji yanaingilia hapo hapo. Paka tosti ikiwa na joto la wastani: ikiwa ya moto mno siagi inayeyuka yote na kuzama ndani, na ukuta wako unatoweka.

Maharage ya jana ni kitu kizuri kuliko vyote juu ya tosti, naamini hivyo kabisa, lakini si pamoja na mchuzi wake. Yachuje, yaponde kwa mwiko, yarudishe kwenye kikaango na kitunguu kilichokaangwa kwa mawese kijiko kimoja, koroga hadi mwiko ukipita katikati unaacha njia inayobaki wazi. Hapo yako tayari.

Avoka imekuwa nyeusi, au haiivi

Avoka, yaani parachichi, huwa nyeusi kwa sababu kimeng'enya kilichomo ndani yake kinakutana na hewa. Maji ya limau yanapunguza kazi ya kimeng'enya hicho, kwa hiyo kamulia kabla ya kuponda, si baada. Nusu iliyobaki iache na kokwa lake na uifunike uso wake kabisa, plastiki ikigusa nyama yenyewe bila nafasi ya hewa. Kokwa linalinda pale lilipokaa tu. Kinacholinda pengine kote ni kuzuia hewa. Safu nyembamba ya kahawia usoni haina sumu, iondoe kwa kijiko.

Isiyoiva iweke kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi iliyoiva. Ndizi inatoa gesi ya ethilini inayoivisha matunda jirani, na kwa siku mbili au tatu avoka inalegea. Friji inachelewesha, kwa hiyo itumie baada ya kuiva tu. Lakini kuna avoka ambayo haitaiva kamwe: ile iliyochumwa changa. Ganda linanyauka na kujikunja, ndani inakuwa kama mpira na ladha ya maji. Hakuna tiba. Sokoni, ondoa kikonyo kwa kucha: chini yake kukiwa na kijani au njano safi na shingo ikibonyea kidogo kwa kidole, chukua.

Mayai na mkate wa mayai

Yai la kuchemsha halijashika ingawa ulihesabu dakika zile zile alizokuambia shangazi yako wa Uvira? Kule chini kwenye Ziwa Tanganyika maji yao yanachemka kwa joto zaidi kuliko yetu. Hapa ongeza dakika moja au mbili. Kuongeza moto chini ya sufuria hakusaidii, maji yanayochemka hayapandi joto zaidi, yanapungua tu.

Yai linagandia kwenye kikaango cha aluminiamu: kikaango kilikuwa baridi, au mafuta yaliingia pamoja na yai. Kipashe kikiwa kikavu, dondosha tone la maji. Likiruka na kutoweka, tia mafuta, yazungushe, ndipo yai. Halafu punguza moto, maana yai la moto mkali linakuwa mpira.

Mkate wa mayai, ule wa kuchovya kwenye yai na maziwa, una malalamiko mawili. La kwanza ni katikati kubaki rojorojo. Mkate ulikuwa mpya, au ulichovywa mno, au maziwa yalizidi. Yai moja kwa vijiko vinne vikubwa vya maziwa linatosha vipande viwili vya mkate wa jana. Chovya sekunde kumi na tano kila upande, uinue, uache udondoke. Moto wa wastani, kikaango kifunikwe dakika ya kwanza, kisha kifunuliwe. La pili ni kuungua madoadoa: sukari iliyokorogwa kwenye yai imetua kwenye chuma. Nyunyiza sukari au asali mezani. Na maziwa ya unga yakoroge kwanza na maji ya vuguvugu kidogo hadi yawe uji laini, ndipo uongeze mengine, la sivyo vidonge vyake vitaungua pia.

Jibini la Masisi halitaki kuyeyuka

Barabara ikiwa wazi na jibini likashuka kutoka milima ya Masisi, hakuna kiamsha kinywa kinacholishinda. Tatizo ni kwamba moto unatoka chini na jibini liko juu, basi mkate unaungua kabla halijayeyuka. Banika mkate upande mmoja tu. Ugeuze, weka jibini upande ule uliokwisha pata rangi, kwa tabaka jembamba au lililokwanguliwa, uweke kwenye kikaango chenye moto mdogo, dondosha kijiko cha maji ukingoni mwa kikaango mbali na mkate, na ufunike mara moja. Mvuke unayeyusha jibini kutoka juu kwa nusu dakika. Hapa ndipo maji yanapokuwa rafiki. Funua upesi, yasije yakalegeza kilichokauka.

Likitoa mafuta na kubaki kama mpira, limepikwa mno. Kipande kikuukuu kilichokauka kikwangue na ukichanganye na tone la maziwa.

Watoto wamechoka na siagi na sukari

Nimeiweka kama dalili kwa sababu ina chanzo: kila kitu kinatengenezwa asubuhi, na asubuhi haina muda. Aina zinatoka usiku. Maharage yaliyopondwa yanakaa tayari kwenye bakuli. Nyanya inachujwa. Mayai mawili yanachemshwa pamoja na chai ya jioni. Asubuhi kazi inabaki ni mkate na kisu.

Nyumbani kwangu tunazunguka hivi, bila utaratibu mkali: avoka na yai lililokatwa na pilipili kidogo kwa wakubwa, karanga za kusaga na ndizi ya kamaramasenge, ile ndogo tamu, iliyokatwa vigurudumu, tone la asali juu, maharage ya mawese na kitunguu kibichi, jibini na nyanya iliyochujwa. Jumamosi ni sambaza. Samaki hawa wadogo waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na leo Kivu haifikiriki bila wao. Ukipita soko la Kituku asubuhi na mapema unawapata wabichi. Wakaange wakavu hadi wanalia ukiwatikisa kikaangoni, watue kwenye karatasi, na uwaweke juu ya tosti ya limau na avoka wakati wa kula tu. Ukiwaweka mapema wanalegea, na mkate pamoja nao.

Mkate wenyewe umeharibika kabla ya kubanikwa

Mkate ulio mgumu haujaharibika. Wanga wake umejipanga upya, na joto linaulainisha tena, ndiyo maana tosti ya mkate wa juzi inaweza kuwa bora. Friji inauzeesha upesi kuliko meza, kwa hiyo usiuweke humo. Ufunge kwa kitambaa safi. Kwenye plastiki msimu wa mvua, unyevu unanaswa na ukungu unakuja. Mkate wenye ukungu utupe wote. Ule uzi wa kijani unaouona una mizizi usiyoiona ndani ya mkate laini, na moto wa tosti hauondoi sumu zake.

Mdogo wangu alipiga tena wiki iliyofuata. Sasa tosti zake zilikuwa kavu na za dhahabu, ila mama yetu, anayeishi naye, hakuweza kuzitafuna. "Yaya, meno ya mama hayawezi." Kwa mzee, kata kipande chenye unene mara mbili ya kawaida, banika upande mmoja tu, na wa pili uupitishe motoni mpaka mvuke uanze kisha uutoe. Ondoa ganda. Paka siagi upande laini ukiwa bado wa moto, izame yote. Hapo unataka maji yabaki ndani. Mama anaukata kwa vidole, anauchovya kwenye chai ya maziwa upande ule uliobanikwa, maana hauvunjikii kikombeni, na anaomba cha pili.